Sura ya Tano: Upindo wa Kanzu

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, kabla hata hatujajua kama mwezi utaandama, mimi hutandika mkeka ukumbini na kumwaga mchele juu yake. Ni mchele wa fitri. Kwa hesabu ya wazee wetu wa Unguja ni pishi moja kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne. Siku hizi tunapima kwa mizani, kilo mbili na nusu hivi, na mke wangu huongeza konzi moja juu ili moyo wake utulie. Napanga mafungu: la mama yangu, la mke wangu, langu, kisha ya watoto kwa kufuatana walivyozaliwa. Yote sawasawa.

Mwaka 2022 mafungu yalikuwa matano hadi saa kumi jioni. Binti yetu alizaliwa alasiri ya siku ya mwisho ya Ramadhani, na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa visiwani, mtoto aliyelikuta jua la siku hiyo likizama hutolewa fitri. Angekuja baada ya magharibi, mwaka huo asingekuwa na fungu. Jua lilipozama yeye alikuwa na saa mbili duniani. Nikatoka hospitali, nikapitia nyumbani, nikapima la sita.

Mwanangu mkubwa, ambaye kwa miezi ya mwandamo alikuwa na miaka sita, alichutama kandoni mwa mkeka. Aliangalia fungu la mdogo wake, kisha langu.

"Baba, huyu hata meno hana. Mbona mchele wake sawa na wako?"

Nikamwambia kila roho inahesabiwa moja. Akauliza la mtoto atakula nani. Nikamjibu atakula asiye na chakula siku ya sikukuu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ameshatoa, na jina bado hana."

Nimesoma na kusikiliza mengi juu ya malezi, lakini sijasikia maneno yaliyonikalisha chini kama hayo. Tangu hapo mkeka ule umekuwa mahali pangu pa kuwatazama wanangu. Darasani nawaona kwa alama za mtihani, kliniki nawaona kwa mstari wa uzito kwenye kadi. Penye mchele wa fitri nawaona wenyewe, kwa sababu mchele ni ule ule na pishi ni ile ile, na kilichobadilika ni mtoto tu. Mwaka 2023 mkubwa aliuliza kwa nini tusimpe mwenye njaa zaidi pishi mbili. Mwaka 2024 hakuuliza kitu. Nilimpa mfuko ampelekee bibi mmoja mjane wa mtaani kwetu, akaenda, akarudi upesi. Nikamuuliza kama amemkabidhi mkononi.

"Nimeuweka jikoni. Nilipitia uani, barazani kwake kulikuwa na wageni."

Hakuna aliyemfundisha. Au tuseme amefundishwa na wote waliowahi kupitia uani mbele ya macho yake, bibi yake akiwa wa kwanza, bila yeyote kumwambia kwamba hilo ni somo. Nilikaa na yale maneno usiku mzima. Mtoto wa miaka minane alikuwa ameshajua kwamba kupokea mbele ya watu kunauma.

*

Sisi Waswahili mwaka wetu huanzia sikukuu. Shawali tunaiita mfunguo mosi, mwezi wa kwanza baada ya kufungua. Unafuata mfunguo pili, kisha mfunguo tatu, ambamo mahujaji husimama Arafa na sisi tunachinja, halafu tunahesabu hadi mfunguo sita, ambao mtu akiutaja tayari unasikia maulidi, mpaka mfunguo tisa. Baada ya hapo Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe. Waliotunga hesabu hiyo waliuona mwaka mzima kuwa ni mwendo wa kutoka sikukuu moja kwenda nyingine. Kwa mtoto ndivyo ulivyo hasa. Muulize mtoto wa Unguja jambo fulani lilitokea lini, hatakwambia Februari. Atakwambia, "Kabla ya sikukuu ile niliyovaa kanzu ya rangi ya maziwa."

Mwaka huo wa mwezi una siku 354, na baadhi ya miaka 355. Wa jua una 365. Kwa hiyo kila mwaka Idi inatangulia kwa siku kama kumi na moja, inatoka msimu mmoja na kuingia mwingine. Wazee walilijua hilo vizuri, ndiyo maana mkulima na mvuvi hawakutegemea mwezi peke yake. Walikuwa na mwaka mwingine, wa Nairuzi, wa siku 365, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, wa kupandia na wa kujua pepo. Huo ndio unaoogwa Makunduchi kila Julai. Mwaka mmoja wa shamba na bahari, mwingine wa ibada, na mtu mmoja anaishi ndani ya yote miwili.

Mwanangu mkubwa alizaliwa Shaabani, mwishoni mwa Mei 2016. Idi ya mwaka 2025 ilipofika, kadi ya kliniki ilisema ana miaka minane na miezi kumi. Bibi yake alisema ana tisa na zaidi. Waliokuwa wakibishana walikuwa na haki pande zote mbili, na mtoto mwenyewe, kama watoto wote, alichagua hesabu iliyomfanya mkubwa. Akaitumia kudai kufunga mwezi mzima. Miaka iliyopita alikuwa akifunga hadi adhuhuri, mwaka 2024 akafika alasiri mara kadhaa, na siku mbili akafika magharibi, midomo imekauka na macho yakiwa kwenye sahani ya tende. Dini haimlazimishi mpaka abaleghe. Mimi nilitaka apunguze. Mama yangu aliniambia, "Mwache. Njaa yake anaijua yeye. Wewe kazi yako kumwekea daku."

Nikamwekea daku.

*

Kuna hesabu nyingine ambayo niliijua siku nyingi bila kuitambua maana yake. Miaka thelathini na mitatu ya mwezi inakaribia kabisa thelathini na miwili ya jua. Maana yake, Idi ikishazunguka misimu yote, hurudi pale pale ilipokuwa. Mimi nilizaliwa 1984. Sikukuu ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya mwanzoni mwa Aprili 1992, nikiwa na miaka minane, masika yameanza, viwanja vya Mnazi Mmoja vimekuwa tope. Idi ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili. Masika yale yale. Na mwanangu mkubwa, kwa hesabu ya bibi yake, alikuwa na miaka minane.

Sikuliwaza hilo hadi tulipofika Mnazi Mmoja siku ya Idi mosi baada ya alasiri. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu. Ardhi ilikuwa inanuka ule mnuko wa majani yaliyokanyagwa na mafuta ya kukaangia, na watoto wameinua nguo mpya hadi magotini wakiruka madimbwi. Wauzaji wamepanga bastola za maji, magari ya plastiki, miwani ya rangi, maputo, ubuyu, malai. Mwanangu alisimama mbele ya meza ya miwani. Akachukua nyekundu.

Mwaka 1992 mimi nilinunua nyekundu.

Baba yangu siku ile alikuwa amembeba mdogo wangu mabegani, na mimi amenishika kifundo cha mkono, si kiganja, kwa kuwa kiganja kinateleza. Mkono wangu wa pili nimeufumba juu ya sarafu za mkono wa Idi. Kubwa kuliko zote ilikuwa shilingi ishirini, upande mmoja sura ya Mzee Mwinyi, upande wa pili tembo na mwanawe. Niliibana mpaka ikaniachia alama kwenye kiganja. Mwanangu alilipia miwani yake kwa sarafu ya mia tano, yenye Mzee Karume na nyati. Alipoivaa, akanigeukia, nikaona uso wa mtu ninayemjua, lakini sikumjua kwa kumtazama yeye. Nilimjua kwa picha moja ya zamani iliyopo kwenye kabati la mama, yenye madoa ya unyevu, ya mtoto aliyevaa miwani nyekundu na kuchekea mpiga picha.

Mzunguko ukitimia tena itakuwa katikati ya Aprili 2056. Mwanangu atakuwa ndiyo anaingia arubaini, umri niliokuwa nao mimi pale. Mimi, Mungu akipenda, nitakuwa na sabini na mbili. Huenda atakuwa na mtoto wa miaka minane, huenda hatakuwa naye. Sijui viwanja vya sikukuu vitakuwa wapi wakati huo. Najua kutakuwa na tope.

Idi ya 2020 siiandikii mengi. Korona ilikuwa imeingia, tuliswali nyumbani, mimi imamu na mtoto wa miaka minne maamuma. Alivaa nguo mpya akaketi barazani kusubiri watu waje kumpa mkono wa Idi, na watu hawakuja. Mdogo wake, wa kuzaliwa Juni 2019, alikuwa bado anatambaa.

*

Siku chache kabla ya sikukuu, Darajani na Mchangani hapapitiki. Kila mzazi amebeba mfuko na kila mtoto anavutwa. Mimi nguo za wanangu wa kiume sinunui tayari. Namwendea fundi mmoja mzee katika kichochoro nyuma ya Mchangani, aliyekuwa akimshonea baba yangu. Mwaka 2022 alimshonea mwanangu mkubwa kanzu nyeupe, pana kidogo, na upindo wa ndani mrefu karibu shubiri nzima. Nilimwambia upindo umezidi. Akaendelea kupiga pasi. "Mtoto hasubiri cherehani," alisema.

Mtoto aliyeshatoka uchangani hurefuka sentimita tano hadi saba kwa mwaka mpaka karibu na baleghe. Kwa fundi hiyo ni kama vidole vitatu. Kila sikukuu alifumua upindo, akashusha vidole vitatu, akashona tena. Lakini kitambaa hakisahau. Pale palipokuwa pamekunjwa hubaki mstari, mwembamba, wa rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, na hakuna dobi anayeweza kuutoa. Idi ya 2023 kanzu ilikuwa na mstari mmoja. Ya 2024 miwili. Ya 2025 mitatu, na kitambaa cha ndani kimekwisha, pamebaki ukingo wa kushikia uzi tu.

Mke wangu aliona haya mtoto aswalie Idi na kanzu yenye mistari. Nikamwomba aniachie. Najua watu hutazama, na najua sikukuu ni siku ya nguo mpya. Ila mistari ile ilikuwa ndiyo kipimo pekee cha mwanangu ambacho sikukiandika mimi wala daktari. Kila mmoja ulikuwa na sikukuu yake: huu ni wa mwaka aliozaliwa dada yake, huu ni wa mwaka aliouliza kuhusu pishi mbili, huu ni wa mwaka wa tope na miwani nyekundu. Alipokuwa akienda mbele yangu asubuhi ile, tukileta takbira na watu njiani, nilikuwa nikiisoma. Kofia ya viua ilikuwa imemkaa vizuri kichwani kwa mara ya kwanza. Hadi mwaka uliotangulia ilikuwa ikimshukia hadi nyusini.

Ni siku hiyo hiyo, baada ya pilau, alipokuja na ombi. Kesho, Idi pili, anataka kwenda viwanjani na watoto wa dada yangu. Bila mimi.

Mkubwa wao ana miaka kumi na mitatu, kijana mwenye akili. Nauli nikampa, ya kwenda na ya kurudi, nikaitenga na pesa za kuchezea, nikamwambia magharibi iwakute nyumbani. Sisi tunakaa Mwanakwerekwe. Daladala kutoka mjini ni nyingi, na sikukuu zinajaa lakini zinafika. Aliitikia yote. Alipofika njiani hakugeuka nyuma, na mimi nilibaki nimesimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichotoka kukifanya.

Magharibi ikaadhiniwa. Niliswali kwa haraka isiyofaa, nikarudi nikakaa kwenye baraza ya saruji. Daladala zikapita, zikashusha watoto wa watu wenye maputo. Simu ya dada yangu nilishaipiga mara mbili, na yeye alidhani wamepitia kwetu. Saa moja na robo nikavaa viatu. Saa moja na nusu mama yangu akatoka ndani na kanga yake begani, akaketi kando yangu pole pole, akiyashika magoti.

"Wanakuja," alisema.

"Nimemwambia magharibi, mama."

"Na wewe uliambiwa magharibi."

Nikamgeukia. Akawa anatazama barabarani.

"Mwaka ule wa mvua, ulikwenda na akina kaka zako Idi tatu. Ulirudi watu wameshaswali isha. Babaako alikaa papo hapo ulipokaa, wakati huo baraza haijatiwa saruji. Hakula. Nilimletea chakula nikakirudisha."

Mimi sikulijua hilo. Nimeibeba sikukuu ile miaka thelathini na mitatu. Nakumbuka pembea, miwani, tembo na mwanawe, hata ladha ya malai ya zabibu iliyoniganda ulimi. Nakumbuka kwamba nilirudi usiku na kwamba baba hakunipiga, alinipangusa matope miguuni kwa kipande cha gunia na kuniambia nikalale. Kwamba kabla ya hapo alikaa gizani, kwamba alisikiliza kila hatua iliyopita, hilo halikuwemo kabisa kwenye sikukuu yangu. Lilikuwa kwenye yake. Alifariki 2011, na nisingeweza tena kumuuliza.

Walitokea saa mbili kasoro robo, kwa miguu, watatu wameshikana mikono upande wa ndani wa barabara, mwanangu katikati. Nauli ya kurudi walikuwa wameila. Malai, kisha pembea mara moja zaidi, kisha wakaona aibu kumwomba kondakta. Kanzu alikuwa ameikunja juu na kuifunga kiunoni ili isichafuke, na chini yake suruali ina vumbi hadi magotini. Aliponiona alisimama mbali kidogo. Maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu magharibi yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa ya haki, maana ile ni barabara kubwa na usiku ni usiku. Mengine nikamwambia baadaye, kesho yake, kwa utulivu, naye akayasikiliza. Pale nilimwita aje akae, nikamvua viatu. Mama yangu alishaingia ndani kutafuta kitambaa.

*

Mwishoni mwa Mei 2025, sikukuu ya mfunguo tatu ikikaribia, nilirudi kwa fundi na wanangu wawili wa kiume. Mkubwa alihitaji kanzu mpya. Ya zamani nikaitoa kwenye mfuko kwa ajili ya mdogo, ambaye alikuwa anatimiza sita. Fundi akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mistari mmoja baada ya mwingine hadi wa juu kabisa, ule wa 2022.

"Tutamrudisha hapa," alisema. "Umri mmoja."

Akamvalisha, akamsimamisha juu ya kigoda, akamwambia anyooke. Akapiga goti kwa shida, ameshikilia pini mdomoni, akakunja kitambaa hadi kwenye mstari. Akakitazama. Akakunjua kidogo.

"Huyu kampita kaka yake. Kidole kimoja."

Mdogo hakusema kitu, lakini alijinyoosha zaidi hadi fundi akamwambia ashushe visigino. Mkubwa alikuwa mlangoni akichezea vifungo kwenye kopo. Aliviacha, akaja, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na upindo. Akaweka kidole chake kati ya mstari na pini, akapima, akapima tena.

"Si kidole kamili," alimwambia fundi. "Pima upya."

Fundi akatoa pini mdomoni, akaanza upya.